Kuweka Depo Wakfu

Afande Mwanvua alipiga magoti mlangoni mwa depo, akaufunga mtandio vizuri usiburuzike, akapitisha kidole pembeni mwa doa la mafuta. Kidole kilirudi na mafuta na ukijivu. Akakinusa. Mafuta yalikuwa ya zeituni, yale ya vichupa vinavyouzwa milangoni mwa makanisa. Ule ukijivu ulikuwa saruji.

"Hii saruji imetoka wapi?" aliuliza.

"Iko ya mupangaji," mlinzi wa depo alijibu. "Lori ilishusha siku ya ine, jioni. Vumbi ilijaa apa yote."

Siku ya ine, yaani Alhamisi jioni. Na Landry, mtu waliyekuwa wanamtafuta, alikuwa ametoweka Alhamisi ileile saa za mchana. Mwanvua akabaki ameinama. Mafuta yalikuwa yamelala juu ya vumbi. Vumbi halikuwa limelala juu ya mafuta. Sasa mtu anayetoweka mchana anamwagaje mafuta juu ya vumbi la jioni? Lakini wenzake polisi walishayapita mafuta hayo jana kutwa na viatu vyao, wakashuka moja kwa moja kwenye mitaro ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, kutafuta maiti. Kuna watu wamepewa macho ya kuvukia barabara tu.

Faili alikuwa ameipokea asubuhi ya leo, Jumamosi, kwa sababu mwenzake aliyeianza alikuwa na harusi ya shemeji. Ilikuwa faili nyembamba ya kutia aibu. Landry, msimamizi wa mali wa kanisa dogo la Nyakabiga, kanisa la watu waliotoka Uvira na Fizi, ng'ambo ya mpaka. Depo ni ya kanisa hilo. Waliachiwa na marehemu Mama Marguerite, mfanyabiashara wa samaki, ili kodi yake iwatibu wagonjwa na isomeshe watoto wa wakimbizi. Ijumaa asubuhi wazee wa kanisa walikuta mlangoni mafuta, Biblia ya Landry na kiatu chake kimoja. Mwenzake akaandika kwa Kifaransa kwamba bwana huyo alikwenda kulibariki jengo, akakamatwa na wahuni wa bandarini. Akapiga muhuri, akaenda kushonesha suti.

Mke wa Landry, Spès, alisimama kivulini ameikumbatia termosi kubwa ya maua. Hakuwa ameiweka chini tangu asubuhi.

"Mama Spès," alisema Mzee Adrien kwa upole, "hata chai inapita kooni, siku kama hii?"

Spès aliinamisha kichwa. Adrien alikuwa mzee wa kanisa na rais wa kamati ya ujenzi, muuza mabati, mtu wa koti na tai hata juani. Alikuwa amefika na gari lake mwenyewe kusaidia polisi, na alikuwa anasaidia kupita kiasi.

"Afande, mi nasema tena, muende Buyenzi. Tangu Landry aanze kusoma na Waislamu, kichwa yake haikuwa yake." Akauona mtandio wa Mwanvua. "Musikasirike."

"Sikasiriki, Mzee. Niko kazini. Landry ulimuona mwisho lini?"

"Jumapili, kanisani. Nimeshasema, iko kwenye ripoti."

"Iko. Asante. Rudi nyumbani, tutakuita."

Gari la Adrien lilipokwisha kukata kona, Spès akafungua termosi kidogo, akachungulia, akafunga. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na barafu na vichupa vya dawa ya Landry. Mumewe alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa sindano, tangu utotoni, na pale kanisani hakuna aliyejua. Asubuhi Mwanvua alimpigia simu daktari, naye akasema maneno machache: mutu kama huyo akikaa siku mbili bila sindano, mumutafute leo, kesho sina la kukuambia.

"Kwa nini mulificha?" Mwanvua alimuuliza Spès sasa.

"Kulikuwa dada mumoja, Irène. Alisema mbele ya wote kama ana sukari. Wakamuombea, wakamuambia amepona, aache dawa. Tulimuzika." Akaiinua termosi kifuani. "Landry akasema, sisi tunyamaze."

Mficha maradhi kilio humuumbua, ndivyo wasemavyo, na methali ilimfika Mwanvua ulimini. Akaimeza. Huyu mama alikuwa anaijua methali hiyo kuliko yeye.

"Sauti aliyokutumia Alhamisi, mi sijaisikia. Niwekee."

Spès akabonyeza simu. Sauti ya kijana ikatoka, yenye furaha, yenye haraka: *Mama, mi niko naenda kuweka wakfu ile depo. Musinigoje kula, nitachelewa kidogo.*

"Rudia."

Akarudia. Jovithe, dereva wa Mwanvua kwa miaka mingi, alikuwa ameegemea mlango wa gari akitafuna karanga. Akaacha kutafuna, kwa sababu alikuwa anaujua uso ule wa mkubwa wake.

"Jovithe, we ni mutu wa kanisa. Kuweka wakfu ni nini?"

"Ni kuombea, Afande. Muchungaji mupya, wanamuweka wakfu. Gitaa mupya, wanaiweka wakfu. Wanamimina mafuta, wanaimba, basi."

"Na kitu kikishawekwa wakfu mutu anaweza kukiuza?"

Jovithe akafikiri. "Gitaa yetu tuliuza."

Mwanvua alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, nyumba ya pili kutoka msikitini. Kule neno hilo halimiminiwi mafuta. Nyumba ikiwa wakfu imefungwa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na matunda yake ni ya maskini mpaka Kiyama. Neno moja, milango miwili. Mwenzake wa harusi aliingia kwa mlango wa kanisa, akaandika kubariki, na polisi wa mji mzima wakaingia mitaroni nyuma yake. Na kama Landry alikusudia maana ya Buyenzi, mafuta hayakuwa na kazi yoyote hapa. Yaliletwa na mtu mwingine, baada ya lori, ili watu waelewe vibaya.

"Mama Spès, hii sauti nani mwingine amesikia?"

"Ile jioni nilienda kwa Mzee Adrien kumuuliza kama amemuona. Nikamuchezea. Yee peke yake. Afande wa kwanza nilimuelezea kwa mudomo tu, alikuwa na haraka."

Mwanvua aliitazama kona alikopotelea gari la Adrien. Angeweza kumfuata Adrien pale pale, lakini angekuwa na nini mkononi? Vumbi na neno. Mtu wa koti na tai angekana, angeita wakili, na jua lingezama Landry akiwa popote alipo. Alihitaji mtu wa kuuziba mwanya wa Alhamisi mchana.

"Twende Buyenzi," alisema. "Mzee ametuelekeza, si tumutii?"

Sheria haimruhusu mke wa aliyepotea kupanda gari la upelelezi. Spès akapanda, na termosi yake, na hakuna aliyemkumbusha sheria.

Tajudini aliuza vipuri vya magari katika duka lililojaa mpaka dari, na jioni alikuwa msimamizi wa wakfu wa msikiti: maduka kadhaa na nyumba mbili zilizoachwa na mababu. Alikuwa mtu mnene, mkali, asiyepunguza bei. Alipoitika salamu ya Mwanvua alikuwa ameshakasirika.

"Ndiyo kwanza munakuja? Mi nilikuja polisi jana, nikaambiwa hii kesi ni ya kanisa, nirudi Jumatatu. Huyu ni mama wa nyumba yake? Kaa, mama, kaa. Mumemupata?"

"Bado, Mzee. Landry alikuja hapa Alhamisi?"

"Alikuja. Alikaa hapo ulipokaa we. Kila Alhamisi tunakutana, makanisa matatu na sisi, tunafundishana namna ya kutunza mali ya Mungu. Sisi tuliwafundisha kwamba kodi ikiingia unatengeneza paa kwanza, maskini baadaye, maana paa ikianguka hakuna maskini atakula. Wao wakatufundisha kusoma hesabu mbele ya watu wote, mama zetu wakiwemo. Sisi tulikuwa tunasomeana watu watatu, nyuma ya pazia. Tulipata aibu, tukabadilisha." Akajifuta jasho. "Landry ndiye aliuliza swali la maana kuliko wote. Aliuliza: mali zenu zimepitia vita, zimepitia wajukuu walevi, mbona bado ziko? Nikamwambia, kwa sababu hakuna anayeweza kuziuza, hata mi nikichanganyikiwa."

"Akataka depo iwe hivyo."

"Akataka. Muchungaji wao Gaspard yuko Uvira kwenye musiba, akamwachia neno: fanya. Alhamisi alikuja amevaa koti. Mashahidi walikuwa tayari, na noteri wa kuidhinisha hati tulishazungumza naye. Na depo inabaki ya kanisa, dada, uelewe. Sisi ni watu wa kushuhudia tu."

"Kwa hiyo aliiweka?"

Tajudini akachukua plagi mezani, akaizungusha, akairudisha.

"Apana. Mi nilimuzuia. Nilimuuliza, mzee wenu wa ujenzi anajua? Akasema hajui, na yule ana wateja, anataka kuiuza wajenge kanisa kubwa. Nikamwambia, mwanangu, wakfu haufanywi kwa kuvizia. Kesho watasema umeiba. Nenda kwake sasa hivi, mwambie uso kwa uso, urudi alasiri tumalize. Akanitii. Hapo mlangoni ndipo alikutumia ile sauti, mama, anacheka." Akajigusa mdomo. "Nilimtuma mi mwenyewe. Kwa mudomo wangu huu."

Akalia, mtu mzima, mbele ya mafundi wawili waliokuwa wanasubiri breki. Spès alimtazama, kisha akamshika mkono, na Mwanvua akageukia mlango kwa sababu macho yake nayo yalikuwa yanaanza upuuzi.

"Kwa Mzee Adrien," alimwambia Jovithe nje.

"Aliyemuona mwisho Jumapili," alisema Jovithe. "Njia ya muongo ni fupi, Afande."

Fupi, sawa, lakini ilipita katikati ya mji usio na petroli. Foleni za magari yaliyozimwa zilizunguka kila kituo na kukata barabara, madereva wamelala juu ya usukani, na Jovithe alipanda ukingoni, akashuka, akapiga honi, akatukana kwa Kirundi cha heshima. Nyuma Spès aliitikisa termosi karibu na sikio. Barafu haikulia tena.

Kanisani Nyakabiga kwaya ilikuwa mazoezini. Adrien alikuwa anapanga viti vya Jumapili, koti ameliweka kwenye mimbari. Mwanvua akamwita nyuma ya jengo, penye jenereta na nguo za jirani kwenye kamba, Spès na Jovithe wakiwafuata.

"Mzee, Landry alikuja kwako Alhamisi mchana."

"Apana, Afande. Nimeshasema—"

"Alitoka Buyenzi akaja kwako. Mutu aliyemtuma yuko tayari kuapa."

"Mwislamu atanishuhudia mimi?"

"Na mafuta yalimwagwa baada ya lori kushusha saruji. Landry hakumwaga. Ni mutu aliyesikia neno lake kwenye simu, na simu walisikia wawili: mke wake na we."

Adrien akafungua mikono taratibu, kama anavyoifungua anapohubiri. "Dada yangu, hiyo ni fikira. Una kitu cha kushika?"

Hakuwa nacho. Hapo ndipo alipoogopa hasa, na akafanya ambacho hakukipanga. Akanyoosha mkono nyuma, akaichukua termosi kwa Spès, akaifungua, akaileta chini ya pua ya mzee.

"Uliuliza kama chai inapita kooni. Tazama mwenyewe."

Adrien akatazama. Maji baridi, vichupa vinaelea.

"Nini hii?"

"Sindano za Landry," alisema Spès. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Ana sukari, Mzee. Tangu mutoto. Tuliwaficha, juu ya ile kifo ya Irène. We ndiye ulimuwekea Irène mikono."

"Tangu Alhamisi hajapata hata moja," alisema Mwanvua. "Mutu amefichwa, hiyo ni kesi moja. Mutu amekufa, hiyo ni kesi ingine. Na mi sijui, Mzee, sasa hivi tuko na kesi gani."

Adrien alivitazama tena vile vichupa. Ndani kwaya ilirudia ubeti uleule, mwalimu wao akigonga meza.

"Lakini anakula vizuri," alisema.

Jovithe akaondoa mgongo ukutani.

"Nani anakula vizuri?" aliuliza Mwanvua.

Mzee akaketi juu ya jenereta. "Iko Kajaga, kule nje ya muji," alisema. "Ile nyumba yangu haijaisha. Nilisema mpaka Jumatatu tu, watu wa kununua depo watie sahihi, nimuachilie, tuombane musamaha. Alikuja dukani kunifurahisha, Afande, anasema depo haitauzwa tena milele, haitakuwa mikononi mwetu. Nikamuuliza, utakuwa umemupa nani? Akasema Mungu. Neno la Waislamu, mashahidi Waislamu, na mi niamini ni Mungu wa kwetu? Nikamudanganya twende Kajaga tuzungumuze, nikamufungia kule. Jioni mama akanichezea sauti. Nikaona neno ni moja. Nikajua watu watalielewa namna tunalielewa kanisani, nikaenda kumwaga yale mafuta."

"Hukumuuliza neno maana yake?"

"Niliona aibu kuuliza," alisema Adrien. "Mi ndiye mzee."

Jovithe alikuwa ameshamfunga pingu, na sasa alisema kwa sauti ya chini kwamba petroli yao ingefika Kajaga labda, lakini kurudi isingerudi.

"Funguo ya gari yako, Mzee," alisema Mwanvua.

Tangi la Adrien lilikuwa limejaa. Wauza mabati wanajuana na watu. Wakatoka mjini kwa kasi, Jovithe kwenye usukani, Mwanvua mbele na simu sikioni akimtafuta daktari, Adrien nyuma karibu na mke wa mtu aliyemficha. Ziwa lilijitokeza upande wa kushoto na hakuna aliyeligeukia. Daktari hakushika simu. Akampigia tena, akampigia tena.

"Hatukumutesa, mama," Adrien alikuwa anasema, nusu analia. "Naapa mbele ya Mungu. Ana godoro, ana chandarua. Nilimuambia mulinzi, huyu ni ndugu yetu. Kila akisema ana kiu, mupe Fanta. Hata akiomba kumi, mupe. Na alikuwa na kiu sana, masikini, alikunywa, alikunywa—"

Spès alitoa sauti ambayo Mwanvua hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Jovithe akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Nyumba ilikuwa na kuta na paa, haina madirisha bado, matundu yamezibwa kwa mabati mapya. Mlinzi akainuka kwenye kigoda akitabasamu kumwona bosi wake. Kando yake kulikuwa na kreti mbili za chupa tupu, ameziosha na kuzipanga vizuri.

"Amelala, Mzee," alisema. "Tangu asubuhi analala tu. Nimemuwekea ingine karibu na kichwa, akiamuka asisumbuke."

Spès alimpita. Mwanvua akafuata, na kabla macho hayajazoea giza alisikia pumzi: nzito, za haraka, kama za mtu aliyepandisha mlima mbio. Landry alikuwa chali juu ya godoro, ngozi kavu, midomo imepasuka. Kinywa chake kilinuka ndizi zilizochacha, harufu ya urwarwa, ile pombe ya ndizi, na huyu hakuwahi kuonja pombe maishani. Spès alikuwa ameshapiga magoti. Mikono yake ilichukua kichupa, ikavuta dawa, ikagonga sindano, ikashika ngozi ya tumbo, ikachoma. Mikono ilijua kazi yake hata wakati uso wote ulikuwa umelowa.

"Landry. Landry, ni mimi. Fungua macho."

Kope zilicheza, lakini hazikufunguka.

Simu ya Mwanvua ikalia mkononi. Daktari. "Anapumua?" aliuliza. "Mulete. Musisimame popote. Nitakuwa mlangoni, lakini sikuahidi kitu, Afande, umenisikia?"

"Nimesikia."

Walimbeba wanne, mlinzi naye akishika mguu, akiuliza na kuuliza kosa lake ni nini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe. Adrien akawekwa mbele na pingu zake, na Mwanvua akajikunja chini nyuma, ameshika kifundo cha mkono wa Landry akitafuta mapigo. Aliyapata, akayapoteza, akayapata.

Walipoingia barabara kubwa Adrien akaanza kuomba. Alianza kwa kunong'ona, kisha sauti ikapanda, sauti ile kubwa ya kanisani, akimwita Bwana ashuke ndani ya gari hilo, amguse mtumishi wake, ayafute makosa ya—

"Nyamaza," alisema Spès.

Adrien akageuza kichwa.

"Nyamaza, Mzee. Nataka kusikia kama anapumua."

Mzee akafunga mdomo. Jovithe akazima redio ya polisi iliyokuwa kiunoni mwake. Kutoka pale mpaka mlango wa hospitali, ambapo daktari alikuwa amesimama juani na machela, hakuna aliyesema neno ndani ya gari. Wote wanne walikuwa wanamsikiliza Landry akipumua.